Huku tunatafuta kilo, kule wanalipa kuzipoteza: historia ya mizani na masharti yake

Wasikilizaji wetu wa Kasongo na Kabambare, na ninyi ndugu mliotoka Salamabila, Lusangi na Wamaza mkiwa leo kwa majirani, juma hili nimepokea maulizo mawili kwa simu, na yote mawili yanahusu kilo.

Ulizo la kwanza lilitoka kwa mama mmoja aliyekimbia upande wa Salamabila. Analala na watoto wanne katika nyumba ya familia iliyomupokea hapa mjini. Mtoto wake wa mwisho alipimwa mkono, utepe ukaonyesha rangi nyekundu, akaanza kupewa sachet za Plumpy. Mwanzoni alipewa zaidi ya mbili kwa siku. Juma lililopita akaambiwa: sasa ni moja. Mama akanipigia simu kwa hasira. «Mwandishi, mtoto wangu hajapona. Nani anakula zile zingine?»

Ulizo la pili lilikuja kwa sauti kwenye WhatsApp, kutoka kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyepita kambi ya Nyarugusu kule Tanzania na baadaye akapelekwa Marekani. Yeye analipa dola kila mwezi katika programu ya kupunguza mwili. «Mdogo wangu, wewe unasoma sana, nielezee. Mwaka ule walinikataza ndizi. Mwaka huu wanasema ndizi kula tu, haihesabiwi. Ndizi imebadilika ama mimi ndiye nimebadilika?»

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kwetu kukonda ni neno la msiba. Mtu akikutana nawe sokoni akasema «umekonda», unarudi nyumbani ukiwaza. Kumbe kuna inchi ambako mtu akisikia neno hilo anashukuru, tena ametoa pesa ili alisikie. Lakini nilipoanza kusoma niliona kwamba maulizo haya mawili yana historia moja. Mizani ni ileile, na masharti ya chakula yanaandikwa na watu walio mbali na sufuria. Na pande zote mbili masharti yamegeuka mara nyingi, kwa sababu nzuri na kwa sababu mbaya. Mama yule ana haki ya kujua ni ipi kati ya hizo.

Kabla ya mizani

Wazee wanapenda kutukumbusha kwamba Kasongo haikuwa mji wa njaa. Wakati wa Tippu Tip, miaka ya 1870 na 1880, Waungwana walilima mpunga mabondeni, na hata leo mchele wa Maniema una jina. Mwezi wa 4 mwaka 1893 askari wa Dhanis waliuteka mji, na utawala ukahamia kwa Wazungu. Mwaka 1917 likaja agizo la mazao ya lazima: mwanakijiji angeweza kutakiwa kulima mpaka siku 60 kwa mwaka mazao ambayo serikali imechagua. Huku kwetu pamba ilikuwa mbele. Bibi yangu alikuwa akisema neno moja tu juu ya pamba: haipikwi.

Sisemi kwamba pamba peke yake ilileta utapiamlo. Nasema kwamba siku ambazo zilikuwa za karanga na maharagi zilipata bwana mwingine. Muhogo ukabaki ndiyo nguzo ya nyumba, kwa sababu unavumilia: unaweza kuuacha shambani ukauchimba wakati unapopata nafasi. Bugali wa muhogo unashibisha kweli, lakini mtoto aliyeachishwa ziwa akilishwa huo na mchuzi mwepesi tu, anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, anakaa kimya kona ya nyumba. Wazee walitafuta kosa kwa wazazi: baba ametoka nje, ama mama amebeba mimba nyingine mapema.

Hilo la mimba halikuwa mbali na ukweli. Mwaka 1933 munganga mwanamke aitwaye Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast (ndiyo Ghana ya leo), aliandika juu ya ugonjwa wa watoto waliolishwa mahindi. Mwaka 1935 akaupa jina ambalo wenyeji Waga walikuwa wakilitumia tangu zamani: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo anayekuja. Sisi tumelikata tunasema kwashi. Kivu upande wa Bukavu wanasema bwaki.

Sharti la kwanza: maziwa

Mwaka 1950 wataalamu wawili, Brock na Autret, walitumwa na FAO na OMS kuzunguka Afrika, na Kongo ya Wabelgiji ilikuwa katika safari yao. Rapoti yao ya 1952 ilisema kwamba kwashiorkor ndiyo shida kubwa na iliyoenea zaidi ya lishe inayojulikana, na kwamba sababu yake ni upungufu wa protini, yaani kile tunachopata katika nyama, samaki, maziwa, maharagi. Kwa hiyo dawa ikawa protini. Unicef ikaanza kugawa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta. Kule Lwiro, karibu na Bukavu, ambako Wabelgiji walijenga kituo cha utafiti cha IRSAC, wanganga walichunguza ugonjwa huo kwa miaka mingi, na hospitali ya watoto ya Lwiro ipo mpaka leo.

Niseme kidogo pembeni: unga ule wa maziwa ulikuwa ni mabaki ya siagi. Marekani ilikuwa nao mwingi kuliko ilivyoweza kutumia. Sharti la chakula likikutana na ghala lililojaa, linasambaa haraka. Kumbukeni jambo hilo, tutalikuta tena.

Kwa miaka kama 20 dunia nzima ilitafuta protini: unga wa samaki, unga wa soya, hata protini iliyotolewa katika mafuta ya petroli. Kisha wakaja waliouliza swali dogo. Mwaka 1968 Gopalan, munganga wa India, alionyesha kwamba watoto waliovimba na watoto waliokauka tu mifupa walikuwa wakila chakula kilekile. Mwaka 1974 Donald McLaren akaandika katika jarida la Lancet kwamba mambo yote ya protini yalikuwa kushindwa kukubwa. Watoto wengi walikuwa na njaa ya chakula chote, si ya protini peke yake. Mtoto anayepata bugali kidogo, ukimpa maziwa bila mafuta, mwili wake unayachoma yale maziwa kama kuni.

Mafuta ya mawese, ambayo mama zetu wanamwaga katika sombe bila kupimiwa na mtu, yalikuwa sehemu ya jibu. Lakini hakuna aliyewauliza.

Mizani inafika Kasongo

Sasa tunafika kwetu, na hapa naomba wazee wanisikilize kwa makini kwa sababu wengi wao walikuwapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, pamoja na serikali ya Zaire, ilianzisha hapa kazi iliyokuja kujulikana duniani kama Mradi wa Kasongo. Wazo lake lilikuwa jepesi: hospitali moja ya kutegemewa, na kuizunguka vituo vidogo vya afya ambamo muuguzi anawajua watu wake. Zaire ilipogawa inchi yote katika zoni za afya 306 katika miaka ya 1980, mfano wa Kasongo ulikuwa mmoja wa ile iliyofuatwa. Leo zoni zimepita 500. Ukisikia mtu akisema «zoni ya afya ya Kasongo», ujue neno lile lina mizizi hapahapa.

Katika vituo hivyo watoto walipimwa kilo. Mama alikuwa na karatasi yenye mstari unaopanda, aina ile iliyotengenezwa na David Morley alipokuwa kijijini Imesi kule Nigeria. Mama yangu mwenyewe alizipitia foleni hizo za CPS akiwa nami mgongoni, miaka iliyofuata, wakati mradi ulikuwa umekwisha na mizani imebaki. Alikuwa akisimulia kwamba walining'iniza kwenye suruali ya kitambaa kama nyama ya mbuzi, nikapiga kelele, muuguzi akaweka nukta kwenye karatasi, akasema: «Mama, ongeza chakula.» Basi. Kilitoka wapi, hakusema. Nukta ikishuka, mama anagombezwa mbele ya wenzake. Kuna wanawake waliacha kwenda kwa sababu ya aibu hiyo, na kituo kile sitakitaja, hakikuwa peke yake.

Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba timu ya Kasongo yenyewe ilitilia shaka mizani yake. Walifuata maelfu ya watoto wa mji huu, wakawapima, wakaandika waliokufa na waliopona. Mwaka 1983 wakachapisha katika Journal of Tropical Pediatrics jambo lililowashangaza wengi: kumpima mtoto mara moja, kilo au urefu, hakukuonyesha vema ni nani atakayekufa miezi inayofuata. Hapa kwetu surua, malaria na kuhara vilimchukua mtoto aliyekuwa na kilo nzuri kama vile alivyomchukua mwenzake. Kule Bangladesh, miaka michache mbele, watafiti walikuwa wameona tofauti: watoto waliokonda sana walikufa zaidi kwa wazi. Mabishano yakaanza katika vitabu, na jina la Kasongo likawa ndani yake. Wim Van Lerberghe, mmoja wa wanganga wa mradi, aliandika kitabu kizima juu ya vifo na ukuaji wa watoto wa mji huu.

Sisemi kwamba kupima hakuna maana. Baadaye ilionekana kwamba kuna kipimo chepesi kinachomtambua vizuri zaidi mtoto aliye hatarini: unene wa mkono wa juu. Mwaka 1986 André Briend na Zimicki walionyesha hivyo huko Bangladesh. Utepe wa rangi tatu ambao leo mama wa hapa wanaushika mkononi unatoka katika njia hiyo. Lishikeni jina la Briend, linarudi.

Wakati huohuo, New York

Tumuache kidogo mtoto wa Kasongo, twende kwa dada yangu.

Kupunguza mwili kwa masharti kulikuwapo tangu zamani. Mwaka 1863 Mwingereza William Banting, mtengeneza mazishi wa London, aliandika barua akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Mwaka 1918 munganga Lulu Hunt Peters wa California akawafundisha Wamarekani kuhesabu chakula kwa kalori. Lakini biashara yenyewe, ile ya kulipa kila juma na kupanda mizani mbele ya watu, ilianzishwa na mama wa nyumbani wa Queens, New York, aitwaye Jean Nidetch.

Mwaka 1961 alikuwa na kilo 97. Alikwenda katika kliniki ya serikali ya mji, akapewa karatasi ya masharti iliyotayarishwa na munganga Norman Jolliffe. Karatasi ilikuwa ya bure. Shida ya Nidetch ilikuwa biskuti, alizila kwa siri, na alione aibu kumwambia munganga. Akawaita rafiki zake sita nyumbani, wakaungamana wao kwa wao. Mwaka uliofuata alikuwa na kilo 64. Mwaka 1963 likawa shirika la biashara, Weight Watchers. Mwaka 1978 liliuzwa kwa kampuni ya Heinz, wale wa chupa za tomati, kwa dola zaidi ya milioni 70.

Sharti za mwanzo zilikuwa za kijeshi. Samaki mara tano kwa juma. Ini mara moja kwa juma, upende usipende. Vipande viwili vya mkate kwa siku, pombe marufuku, na huruhusiwi kuruka mlo. Mimi ninayemjua mama anayeruka mlo kila siku ili watoto wale, nilisoma sharti hilo mara mbili.

Baadaye likalegezwa: badala ya kuamriwa, mtu alichagua, hiki kwa hiki. Mwaka 1997 wakaleta pointi: kila chakula kina namba, una namba zako za siku, kula unachotaka usizipite. Mwaka 2010 hesabu ikabadilishwa na matunda mengi yakawa sifuri. Hapo ndipo ilipo ndizi ya dada yangu, au ya mtu kama yeye. Mwaka 2015 ikabadilishwa tena, sukari ikapanda bei. Mwisho wa 2017 mayai, kifua cha kuku, samaki na maharagi vikawa sifuri. Mwaka 2018 kampuni ilijiita WW tu, ikasema shauri lake ni afya, si kilo.

Kila badiliko lilikuwa na sababu ya sayansi ndani yake. Ni kweli kwamba maharagi yanashibisha kuliko soda yenye kalori sawa. Lakini kuna sababu nyingine ambayo mfanyabiashara yeyote wa soko letu ataielewa: mteja aliyepona harudi, na mteja aliyeshindwa anarudi tu kama kuna kitu kipya mezani. Sharti jipya ni kama kitenge kipya. Dada yangu ameingia na kutoka katika programu yake mara tatu.

Maziwa yanayoua, karanga inayoponya

Turudi kwa watoto, kwa sababu huku makosa ya sharti hayahesabiwi kwa dola.

Kwa miaka mingi mtoto wa kwashi alipofika hospitali alipewa chakula chenye nguvu na protini haraka iwezekanavyo, damu ya chuma, na wakati mwingine dawa ya kukojosha ili uvimbe ushuke. Ilionekana ni huruma. Wengi walikufa siku za kwanza. Huko Kingston, Jamaika, Michael Golden na wenzake waliona kwamba mwili wa mtoto aliyekauka umezima taa zake: ini, figo na moyo vinafanya kazi kwa nusu. Ukimmiminia chakula, moyo unashindwa. Hivyo sharti likapinduliwa. Kwanza kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, maziwa yenye protini kidogo yaitwayo F-75. Chuma isubiri. Dawa ya kukojosha hapana. Hamu ya kula ikirudi, ndipo F-100. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Uingereza, Schofield na Ashworth, walikusanya hesabu za miaka 50 wakaona kwamba katika hospitali nyingi mtoto mmoja kati ya wanne au watano aliendelea kufa, si kwa sababu ugonjwa hauna dawa bali kwa sababu sharti la zamani lilikuwa bado linafuatwa. OMS ilitoa kitabu chake cha masharti mapya mwaka 1999.

Mtu asidhani basi mambo yalikuwa mazuri. F-100 ni maziwa, yanataka maji safi, yakikaa saa chache yanaoza. Kwa hiyo mtoto alilazwa majuma matatu au manne, na mama pamoja naye. Mama wa Kabambare anayelala hospitali mwezi mzima, nani anapalilia? Nani anawapikia wale wengine? Wengi walitoroka usiku na mtoto wao, wakaitwa wakaidi katika rapoti.

Jibu lilipatikana mwaka 1996. Briend, yuleyule wa utepe, alishirikiana na Michel Lescanne, mwenye kampuni ya Nutriset kule Normandy, Ufaransa. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akitazama kopo la chokoleti ya kupaka mkate: badala ya maji, tia mafuta. Karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Haiozi, haipikwi, haihitaji maji, mtoto anafinya mwenyewe. Sachet moja ni gramu 92 na kalori 500. Mataifa yalipotoa tamko la pamoja mwaka 2007, mtoto asiye na ugonjwa mwingine mzito aliruhusiwa kutibiwa nyumbani. Ukiniuliza mimi, katika historia hii yote hili ndilo badiliko moja lililomfikiria mama pamoja na mtoto.

Nayo ni biashara pia, tusijidanganye. Plumpy'Nut ilisajiliwa kwa hati ya ubunifu mwaka 1997. Karanga ambayo mama zetu wanasaga kila siku ikaondoka Afrika bila jina ikarudi katika karatasi ya kung'aa. Sokoni nimeiona ikiuzwa, na nimemuona mwanamume mzima akiila na chai. Mnajua na mimi najua kwamba nyumba yenye watoto watano wenye njaa haiwezi kumficha mmoja ale peke yake.

Mstari uliosogezwa

Sasa jibu la mama.

Kwanza, mstari wa nyekundu wenyewe umesogezwa. Zamani mtoto alihesabiwa mgonjwa sana mkono ukiwa chini ya milimita 110. Mwaka 2009 OMS na Unicef waliupandisha hadi 115. Watoto wa milimita 112 waliolala bila ugonjwa wakaamka wagonjwa, na hiyo ilikuwa heri kwao, kwa sababu walipata tiba mapema. Kati ya 115 na 125 ni njano. Kuanzia 125 ni kijani.

Pili, idadi ya sachet. Zamani mtoto alipewa kulingana na kilo zake, na jinsi alivyoongezeka kilo ndivyo alivyopewa nyingi zaidi, hata akikaribia kupona. Ukitafakari, ni kinyume. Kati ya 2019 na 2020, katika zoni ya afya ya Kamuesha, jimbo la Kasai, hapahapa Kongo, shirika la ALIMA na watafiti wenzake walijaribu njia nyingine kwa watoto 896: sachet nyingi mkono ukiwa mwembamba, kisha zinapunguzwa jinsi mkono unavyonenepa. Watoto walipona sawa na wale wa njia ya zamani, na sachet zilizotumika zilikuwa chache. Kwa njia hiyo mtoto wa kilo 7 anaanza karibu na sachet mbili na nusu kwa siku, mkono ukipita 115 anashuka kwenye mbili hivi, ukipita 120 anabaki na moja. Mwaka 2023 OMS nayo ikakubali kwamba dozi inaweza kushushwa mtoto akishatoka katika hatari kubwa.

Kwa hiyo, mama, kushuka kwa sachet kunaweza kuwa habari njema iliyotangazwa vibaya.

Inaweza pia kuwa si hivyo. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya inje. Viwanda viwili vya kule vinavyotengeneza chakula hiki, Edesia na MANA, vilipata barua za kukatiza mikataba, kisha vikaambiwa endeleeni, katikati ya vurugu hiyo maboksi yakakaa ghalani. Wakati huo watu wa Kivu walikuwa wakikimbia tena. Boksi moja lina sachet 150, ndiyo tiba ya mtoto mmoja kwa hesabu ya kawaida. Ghala likipungukiwa, mtu anaweza kugawa nusu nusu na kuliita jina la sharti jipya. Nilikumbuka maziwa ya 1952: wakati ule ghala lililojaa liliandika sharti, na ghala tupu nalo linaweza kuandika.

Mwaka huohuo, mwezi wa 5, Weight Watchers iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni, ikitafuta kufutiwa dola zaidi ya bilioni moja. Wateja walikuwa wamekimbilia sindano za kukata hamu ya kula. Kampuni ilikuwa imeshaona hali hiyo na mwaka 2023 ilinunua biashara inayoandikia watu dawa hizo kwa njia ya intaneti. Baada ya miaka 60 ya kufundisha watu wahesabu ini na mkate, nayo sasa inauza njia ya kutosikia njaa. Nilipomwambia dada yangu alinyamaza kidogo, akasema sindano hiyo bei yake inapita kodi ya nyumba.

Namna ya kujua sachet zimeshuka kwa sababu gani ni kuomba kadi ya mtoto. Kadi inatakiwa kuwa na milimita za mkono kila juma. Kama milimita zinapanda na sachet zinashuka, ni njia ile ya Kasai. Kama milimita zimesimama au zinashuka, na miguu ikibonyezwa inaacha shimo, na sachet zimeshuka vilevile, basi hiyo si dawa, ni upungufu, na una haki ya kusema. Mtoto asiyekuwa na hamu ya kula kabisa, au mwenye homa na kuhara pamoja, asisubiri siku ya kadi, apelekwe.

Siku ya nne nilimsindikiza yule mama kituoni. Muuguzi, kijana aliyechoka, hakukasirika. Alifungua kadi, akatuonyesha kwa kidole: 111, 113, 113, 116, 118, 121. Akatoa pia karatasi ya hesabu iliyobandikwa ukutani, imefichwa nyuma ya mlango kwa sababu mlango hauwezi kufungwa. Mama aliangalia namba zile muda mrefu. Hajui kusoma sana, lakini namba za soko anazijua, akaona zinapanda. Akaniambia: «Basi wangelisema.»

Tukarudi kwa miguu. Mwenye nyumba aliyempokea alikuwa amemuwekea kikombe cha karanga mbichi azisage, atie katika uji wa jioni.